Kupanga Bustani ya Mboga ya Nyumbani Nairobi Kabla ya Masika

Mkazi wa Nairobi anayetamani bustani ya mboga nyumbani hana budi kuianza Januari na Februari, wakati jua ni kali, nyasi zimekauka na hakuna dalili ya mvua. Masika huingia kwa kawaida kati ya katikati na mwisho wa Machi, hufikia kilele Aprili, kisha hupungua kuelekea mwisho wa Mei na kuupisha msimu wa baridi na mawingu unaoendelea hadi Agosti. Sukuma wiki pekee hukaa kitaluni wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishwa, na samadi huhitaji wiki kadhaa ardhini ili ichanganyike vizuri na udongo. Kwa hiyo anayengoja kusikia matone juu ya mabati ndipo aende kutafuta mbegu, hupandikiza Mei mvua ikiwa inaaga, na mboga zake hukutana na baridi zikiwa bado changa.

Miezi hii ya ukavu ndiyo ya kuiwazia bustani kwa kalamu na karatasi. Kila mtu huwa na picha yake: matuta yaliyonyooka, sukuma wiki yenye majani mapana, nyanya zinazoanza kuiva, dania hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Sioni sababu ya kuizima picha hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayomwamsha mwenye bustani alfajiri kwenda kumwagilia. Ninachosisitiza ni kwamba bustani isipangwe kwa kufuata ukubwa wa kiwanja. Ipangwe kwa kufuata mambo mawili: mboga ambazo familia hula kwa kweli, na maji yatakayopatikana katika wiki iliyo kavu kuliko zote. Matuta mawili yanayotosheka maji hulisha nyumba vizuri kuliko kiwanja kizima kilicholimwa kwa shangwe na kuachwa kikakauka.

Anza na sufuria

Kwa muda wa wiki mbili, andika kila mboga inayopikwa nyumbani na kiasi chake. Nyumba nyingi za Nairobi zitakuta sukuma wiki juu ya orodha, ikifuatwa na spinachi, kabichi, vitunguu, nyanya, dania na hoho, kisha mboga za kienyeji kama mnavu, ambao wengi hapa huuita managu, pamoja na mchicha au terere, kunde na sageti, yaani mgagani. Sasa jiulize ni zipi kati ya hizo hupungua ubora upesi baada ya kuchumwa, kwa maana hizo ndizo zinazostahili nafasi ya kwanza. Mboga za majani na dania hunyauka saa chache tu baada ya kung'olewa, na ladha yake zikitoka bustanini moja kwa moja huwa nyingine kabisa. Kabichi hukalia nafasi kubwa kwa takriban miezi mitatu na kukupa kichwa kimoja, nayo haipati hasara kubwa kwa kusafirishwa hadi sokoni Wakulima. Kwa mwenye eneo dogo, mimi ningeiacha kabichi inunuliwe.

Hesabu ya sukuma wiki ni rahisi. Mche mmoja uliokomaa na kutunzwa vizuri hutoa majani matatu hivi kila wiki. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3 hubeba mistari mitatu yenye miche saba saba au pungufu kidogo, yaani miche 20, nayo hukupa majani 60 hivi kwa wiki. Kwa nyumba ya watu watano, hiyo ni mboga ya siku mbili au tatu. Ukiongeza tuta la pili lenye spinachi na mboga za kienyeji, karibu wiki nzima imeshapata kitoweo cha majani. Usizidishe matuta manne katika mwaka wa kwanza hata kama ardhi ipo.

Upana wa mita 1.2 una sababu yake: mtu mzima aliyechutama hufika katikati ya tuta kwa mkono kutoka kila upande, na kwa hiyo hapana haja ya kukanyaga udongo uliolegezwa. Acha njia ya sentimita 45 kati ya tuta na tuta.

Pima maji kabla ya kupima ardhi

Katika joto la Februari, mboga za Nairobi hutumia takriban lita 4 hadi 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta tulilolipima hapo juu lina mita za mraba 3.6, kwa hiyo linahitaji karibu mtungi mmoja wa lita 20 kila siku ambayo mvua haijanyesha. Matuta mawili ni mitungi miwili, na kwa wiki ni lita 280. Mtaa wako ukipata maji ya mfereji siku mbili kwa wiki, kama ilivyo katika mitaa mingi tangu mgao wa maji uanze mwaka 2017, jiulize wazi kama tangi lako litatosha kufua, kupika, kuoga na kumwagilia. Jibu likiwa hapana, tengeneza tuta moja. Mgao huo hufuata hali ya bwawa la Ndakaini huko Murang'a, ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya jiji, na hubana zaidi pale mvua zinapochelewa, yaani wakati uleule ambao bustani inahitaji maji.

Paa la nyumba hupunguza mzigo huo kwa kiasi ambacho watu wengi hawakitarajii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20, ambazo si mvua kubwa kwa Aprili, humwaga lita 1,000, na hata ukiondoa yanayopotea kwenye mifereji bado unabaki na lita 800 hivi. Rekebisha mifereji ya paa na uweke tangi au mapipa mnamo Februari. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, kwa sababu husafisha vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya mabati miezi mitatu.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagiliwa kwenye shina. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga hayafai, kwa sababu chumvi zake hujilimbikiza udongoni. Maji ya mtaro wa maji taka na ya mito ya jiji yasiguse mboga kwa hali yoyote. Hubeba vijidudu vya magonjwa ya tumbo na taka za viwandani, na majani tunayokula ndiyo yanayoyapokea.

Fuatilia jua

Chagua siku moja isiyo na mawingu na utoke nje kila baada ya saa mbili, ukichora kwenye karatasi mahali kivuli kilipofika. Mboga za majani huvumilia saa nne za jua la moja kwa moja. Nyanya, hoho na vitunguu huhitaji saa sita na zaidi. Lakini mchoro wa Februari pekee hautoshi. Nairobi iko kidogo tu kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu utosini mwezi Machi, huhamia kaskazini Juni na kusini Desemba. Ukuta wa mita 2.4 usiotupa kivuli chochote adhuhuri ya Machi hutupa kivuli cha takriban mita moja upande wake wa kusini ifikapo Juni. Jengo la ghorofa tano hutupa kivuli cha mita saba hivi, na hayo ni ya saa sita mchana tu. Asubuhi na jioni huwa kirefu zaidi.

Ndiyo maana bustani iliyo kusini mwa jengo refu hupendeza Aprili na kudumaa Julai, na mwenyewe hulaumu mbegu. Ikiwa huna nafasi nyingine, panda hapo mboga za majani pekee. Mahali panapopata jua la asubuhi pana faida ya ziada wakati wa masika, kwa kuwa umande na maji ya mvua ya usiku hukauka mapema juu ya majani, na magonjwa ya ukungu hupungua.

Ujue udongo wako

Jiji hili lina udongo wa aina mbili zilizo tofauti sana. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Karen na Dagoretti hadi Kabete na Runda, udongo ni mwekundu, wa kina kirefu, usiotuamisha maji. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Utawala, South C na kuelekea Syokimau na Kitengela, udongo ni mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa za kutosha kupitisha mkono wakati wa kiangazi na kuvimba na kunata kama ulimbo mvua inaponyesha.

Udongo mwekundu ni rahisi kulima, ingawa mara nyingi una asidi na huishikilia fosforasi, kirutubisho cha mimea, kiasi cha kuwa mizizi haiipati kwa urahisi. Tiba yake kuu ni samadi nyingi. Chokaa ya shamba husaidia pia, lakini usiimwage kwa kubahatisha. Peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ya KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, iliyoko Kabete, ambako udongo hupimwa kwa malipo, ndipo ujue kama inahitajika na kwa kiasi gani.

Udongo mweusi una rutuba nzuri, shida yake ni maji. Mvua ya siku tatu mfululizo hujaza matundu yote ya hewa, na mizizi ya sukuma wiki huanza kuoza huku majani yakigeuka njano kana kwamba yana njaa. Hapa matuta yainuliwe sentimita 25 hadi 30 juu ya njia, na njia zielekezwe mahali maji yatakapotokea. Uchimbe ukiwa na unyevunyevu wa wastani. Chukua konzi moja ya udongo kutoka kina cha kiganja na uikamue: ukitoka utepe unaong'aa na kushikamana na vidole, umelowa mno, na jembe litaugeuza kuwa mabonge yatakayokauka kama matofali, ukibaki mgumu usioumbika, umekauka mno, ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole gumba, uko tayari. Tumia jembe la meno, hasa mara ya kwanza.

Viwanja vingi vya mitaa mipya havina udongo wa aina yoyote kati ya hizo juu yake, bali kifusi cha ujenzi na murram. Ondoa mawe, vipande vya saruji na misumari, kisha uinue tuta kwa udongo mwekundu wa kununua, sentimita 30 kwenda juu, ukizungushia mbao au mawe. Uliza udongo huo umetoka wapi. Uchunguzi uliofanywa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, mwaka 2007 ulikuta madini ya risasi kwa kiwango cha kutia hofu katika udongo wa karibu na jaa la Dandora, na sumu ya namna hiyo haiozi wala haiondoki kwa kuoshwa. Udongo na mbolea ya jaani visiingie katika bustani ya chakula.

Samadi na mboji

Samadi ya mbuzi na ng'ombe huletwa Nairobi kwa malori, nyingi ikitoka Kajiado, na hata wanaouza miche kando ya barabara za jiji huwa nayo kwa magunia. Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani ya gunia. Samadi iliyooza haina joto, hunuka kama udongo wa msituni na haitofautishiki kwa urahisi na udongo mweusi uliolegea. Ikiwa ina joto au harufu inayochoma pua, bado inachacha, na itaunguza mizizi ya miche. Inunue ikiwa una nafasi ya kuilundika na kuifunika kwa wiki nane au zaidi. Samadi ya kuku ni kali kuliko zote, kwa hiyo itumie kwa nusu ya kiasi.

Kwa tuta la mita 1.2 kwa 3, debe tatu za samadi iliyooza zinatosha. Ichanganye na udongo wa juu, kina cha sentimita 20, mwishoni mwa Februari. Kisha funika tuta kwa nyasi kavu na ulimwagilie mara moja kwa wiki. Magugu yataota, yang'oe kabla ya kupanda, na utakuwa umejipunguzia kazi kubwa ya Aprili.

Anza lundo la mboji siku hiyohiyo, ingawa halitakuwa tayari kwa msimu huu. Tandika vijiti, kisha tabaka la majani makavu, tabaka la maganda ya viazi, ndizi na majani ya chai, kisha udongo kidogo, na urudie hivyo hadi urefu wa mita moja. Usitie nyama, mafuta wala ugali uliobaki, kwa sababu panya watahamia hapo. Lundo lipinduliwe kila baada ya wiki mbili na liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya miezi mitatu hadi minne litakuwa tayari, yaani kwa matuta ya Juni.

Kitalu

Nunua mbegu zilizofungwa kiwandani kutoka agroveti inayoaminika, uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, na utafute stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, ambayo hukwaruzwa ili kuonyesha namba ya kuthibitisha kuwa mbegu ni halali. Kwa sukuma wiki, Collards Southern Georgia na Thousand Headed ni mbegu za kawaida zinazofanya vizuri katika hali ya hewa yetu. Kwa spinachi, Fordhook Giant. Pakiti ndogo ya sukuma wiki ina mbegu zaidi ya mahitaji ya nyumba tatu, na ni busara kugawana na jirani kuliko kuziweka kabatini hadi zipoteze nguvu.

Sia katika wiki ya tatu ya Februari. Kitalu kinaweza kuwa beseni kuukuu lililotobolewa chini au kipande cha ardhi cha nusu mita. Changanya udongo na samadi laini iliyochekechwa, chora mistari yenye kina cha sentimita moja, ikiachana kwa sentimita 15, dondosha mbegu moja moja kwa nafasi ya sentimita mbili, funika na umwagilie kwa keni yenye matundu madogo. Tandaza nyasi kavu juu. Mbegu za sukuma wiki huchomoza baada ya siku tano hadi saba, na siku hiyo nyasi ziondolewe na badala yake kijengwe kibanda kifupi cha kivuli chepesi.

Itazame miche kwa makini katika wiki mbili zinazofuata. Ikirefuka na kuinama upande mmoja, kivuli kimezidi. Ikianguka ghafla huku shina likiwa limenyong'onyea na kuwa jeusi pale linapokutana na udongo, maji yamezidi na imesongamana. Ng'oa iliyougua pamoja na ya jirani yake, punguza iliyobaki, na umwagilie asubuhi tu. Wiki moja kabla ya kuihamisha, ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji, ili izoee jua. Mche ulio tayari una majani manne au matano na shina nene kama penseli. Anayenunua miche kando ya barabara atafute sifa hizohizo, na aikatae yenye mizizi iliyokaa wazi juani.

Kupandikiza mvua inapoingia

Mvua moja ya kishindo katikati ya Machi isikudanganye. Subiri udongo ulowe kina cha kiganja, na sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Pandikiza jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu saa moja kabla, inua mche pamoja na udongo wake, chimba shimo, tia konzi ya samadi na uichanganye, kisha weka mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho au kidogo zaidi, bila kufukia kitovu chake, yaani pale majani machanga yanapochipuka. Kandamiza udongo kwa vidole hadi mche usiweze kung'oka kwa kuvutwa jani. Sukuma wiki iachane kwa sentimita 45, spinachi 30. Kuna viwavi wanaojificha udongoni mchana na kukata miche usiku; pete ya jivu kuzunguka kila shina huwazuia, ingawa lazima irudishwe baada ya kila mvua, na kipande cha karatasi ngumu kilichoviringishwa na kuzamishwa kidogo hudumu zaidi.

Mboga za kienyeji hazihitaji haya yote. Mchicha, kunde na sageti hupandwa moja kwa moja tutani mara udongo unapolowa. Mbegu za mchicha na mnavu ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Mchicha na kunde huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, mapema kabla sukuma wiki haijakomaa, na hilo humtia moyo sana mtu anayelima kwa mara ya kwanza. Karoti nazo hazihamishwi kamwe, kwa kuwa mzizi ukiguswa hugawanyika.

Mbegu ya dania ni mbili ndani ya ganda moja. Ziviringishe kwa chupa juu ya ubao hadi zipasuke, uziloweke usiku mmoja, kisha uzipande kwenye mstari. Huchukua hadi wiki mbili kuchomoza, kwa hiyo usikate tamaa ukafukua. Panda nusu mita kila baada ya wiki tatu, nawe hutakosa.

Kuhusu nyanya

Najua nyanya ndizo zinazotawala ndoto za wengi, lakini masika ya Nairobi si wakati wake mahali pa wazi. Baka jani, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya nyanya, huhitaji majani yaliyolowa na ubaridi, na Aprili huleta vyote viwili kila usiku. Shamba zuri huweza kuungua lote ndani ya wiki moja. Anayezitaka msimu huu apande miche minne au mitano kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, aziweke chini ya upenu upande wa mashariki, azifunge kwenye vijiti, na amwagilie udongo bila kugusa majani. Nyanya za tutani zingojee msimu wa ukavu wa Januari, mradi maji yawepo. Vitunguu pia hupenda ukavu wakati wa kukomaa, hivyo visipandwe sasa.

Asiye na ardhi

Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, lakini mpangaji bado anapaswa kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Njia iliyozoeleka mjini, na ambayo Kibera imeitumia kwa miaka mingi, ni bustani ya gunia. Simamisha mkebe wa kilo mbili uliotolewa matako katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake, zungushia udongo uliochanganywa na samadi kwa kiasi cha mbili kwa moja, kisha inua mkebe na uendelee hadi juu. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Baada ya siku mbili toboa matundu ubavuni kwa kupishana na uingize miche. Gunia moja hubeba miche 30 na zaidi. Lililolowa huweza kupita kilo 100, kwa hiyo lisiwekwe kwenye roshani bila kujua uimara wake. Tumia ndoo na makopo badala yake.

Wadudu na palizi

Kila asubuhi geuza majani machache uangalie chini yake. Vidukari wa sukuma wiki ni wa rangi ya kijivu, wanaoonekana kama wamepakwa unga, na hujazana kwenye majani machanga ya kitovu hadi yanajikunja. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Wakizidi, koroga kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyizie chini ya majani jioni, na uoshe kwa maji safi asubuhi. Mvua kubwa huwaangusha wengi, ndiyo sababu masika ni rahisi kwa sukuma wiki kuliko kiangazi. Wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi hula vidukari, na kinyonga hula wadudu wengi. Wengi humwogopa na kumfukuza, nami ningeomba aachwe.

Kwa bustani ya nyumbani sioni haja ya dawa kali. Anayelazimika, atafute yenye namba ya usajili wa PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, asome kwenye kibandiko idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na azingoje zote.

Palizi ya kwanza ifanywe wiki mbili baada ya kupandikiza, magugu yakiwa madogo. Kisha tandaza nyasi kavu kati ya miche, unene wa sentimita tano, zisigusane na shina kwa sababu konokono hujificha humo. Wakati wa mvua nyasi hizo huzuia udongo kurukia majani, na Juni huhifadhi unyevu uliobaki.

Kuchuma na kuendeleza

Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kuhamishwa. Chuma majani ya chini kwa kuyavuta kuelekea chini hadi yatoke na kikonyo chake, uache yasiyopungua matano juu. Spinachi ichumwe hivyohivyo kutoka nje. Mnavu, mchicha na sageti hukatwa ncha, na kila ua litolewe mapema ili majani yaendelee kuchipua. Baada ya kila mavuno ya pili ongeza konzi ya samadi kuzunguka mche.

Mwishoni mwa Mei, palipoisha mchicha na kunde pandwe karoti na njegere, ambazo hupenda ubaridi wa Juni na Julai. Sukuma wiki iliyopandwa Machi huweza kuendelea kutoa majani mwaka mzima, lakini majani hayo huwa magumu na madogo kadiri shina linavyorefuka. Ni afadhali kusia kitalu kipya mwishoni mwa Agosti, ili miche yake ikute mvua za vuli za Oktoba. Miche hiyo isirudi kwenye tuta lilelile. Lipe tuta hilo maharagwe au kunde, na sukuma wiki ihamie mahali palipokuwa na mboga za kienyeji.